Maneno ya Nkambo kwenye Maji ya Kyamina

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, mwenye miaka tisa na magoti yaliyojaa makovu, nilipoanza kuamka kila asubuhi na kulipima tumbo langu kwa kamba. Nilifanya hivyo karibu msimu mzima wa mvua. Kamba nilikuwa nimeipiga fundo mahali ncha zake zinapokutana kitovuni, na siku nilipoona fundo limesogea hata upana wa ukucha, nilijua basi, nimekwisha. Siku za maharagwe nilikwisha mara mbili tatu. Leo mimi ni muuguzi katika zahanati moja ya Manika, hapa Kolwezi. Kazi yangu ni kushikashika matumbo ya watu wazima na kuwaambia si kitu, na bado siwezi kuisimulia habari hii bila mkono wangu kwenda wenyewe kitovuni.

Tuliishi nje ya mji, vilimani, ndani ya bustani ya mimea ambayo kampuni ya migodi iliipanda zamani, enzi za Wabelgiji. Kulikuwa na michikichi iliyosimama mistari miwili, mianzi minene iliyolia upepo ukivuma, na nyumba ya vioo yenye maua ya kigeni yasiyoweza kuvumilia baridi yetu ya Juni. Baba alikuwa mtunzaji. Kazi aliyoionea fahari ilikuwa kuandika vibao: vipande vya zinki vilivyosimamishwa chini ya kila mti, vyenye jina la mti kwa Kilatini, kwa rangi nyeupe na mwandiko ulioushinda wa mwalimu wetu. Kilatini chenyewe hakukijua hata neno moja. Alinakili kutoka daftari kuukuu, na mgeni akimuuliza maana, alijibu kwa utulivu kwamba hayo ni mambo ya wataalamu.

Chini ya bustani, mwendo wa dakika kumi kwa njia ya mawe, yalikuwapo maporomoko. Mto Kyamina ulifika ukingoni mwa mwamba, ukaanguka kimo cha nyumba nne, ukatulia katika kidimbwi cheusi ambacho hakuna aliyejua kina chake. Jina lenyewe, kwa lugha ya wazee wa pale, linatokana na kumeza. Mvuke wake ulikulowesha nguo kabla hujayaona maji, na mlio wake haukuishia masikioni, uliingia mpaka kifuani. Hata sasa lori zito la madini likipita nje ya zahanati, kifua changu hudhani ni Kyamina.

Jumapili basi la kampuni lilileta wageni kutoka mjini: makarani na wake zao wenye vikwembe, yaani vitenge, vipya, masista na wanafunzi wao, wazungu wachache na kamera. Walitembea kati ya michikichi, wakasoma vibao vya baba kwa sauti, wakala kuku wao kwenye kivuli cha mianzi. Kisha walitaka kwenda kuona maporomoko, na hapo ndipo walipokutana na nkambo wangu.

Nkambo ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu. Huyu alikuwa mama yake baba, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na maji. Alizaliwa katika kijiji cha juu ya mwamba, na mama yake kabla yake alikuwa mlinzi wa maji yale. Aliketi mahali njia inapofika majini, penye mawe mawili makubwa, na hakuna aliyepita kabla hajavua viatu na kuacha kila chuma alichobeba. Baada ya hapo ulipiga magoti ukingoni mwa kidimbwi, ukapakwa udongo mweupe kwenye paji la uso, ukapiga makofi ya taratibu na kuwaambia wenye maji, mizimu ya kidimbwi kile, wewe ni mtoto wa nani na unatoka wapi. Ukishasema, ulikunywa maji ya kiganja kimoja. Mzungu mmoja wa uhasibu alisema kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba anatoka Ubelgiji, na Nkambo akawaomba wenye maji wasimkasirikie kwa sababu ni mbali. Mchungaji mmoja alitangaza kwamba yeye hapigii maji magoti. Alivua viatu hata hivyo, na nilimwona akinywa.

Kosa lilikuwa moja tu, kudanganya. Nilimuuliza Nkambo siku moja kama mtu akidanganya maji yanamvuta palepale.

"Benye mayi habana haraka," aliniambia huku akichambua mboga. "Banakuacha unarudia ku nyumba, unakula, unalala. Kisha tumbo inavimba. Mbele ya mvula kuisha, banakuita."

"Na kama anaomba masamaha?"

"Arudie kule, apige makofi, arudishe maneno. Banasamehe. Si batu babaya."

Aliyasema hayo kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Nililala siku hiyo nimejifunika kichwa.

Kulikuwa na kanuni nyingine ambayo wageni wengi hawakuijua. Mwanamke mwenye mimba hakujisemea. Nkambo alisema ndani ya mwanamke huyo kuna watu wawili, na yule wa pili bado hajaulizwa anatoka wapi. Kwa hiyo mlinzi ndiye aliyemsemea, na aliyesema ndiye aliyekunywa.

Mama yangu alizaliwa Manika. Baba yake alikuja kwa treni kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, akaoa, akazaa, akazikwa hukohuko Kolwezi. Mama mwenyewe hakuwahi kuiona Kasai hata kwenye picha. Siku baba alipomleta bustanini kama bibi arusi, Nkambo alimpeleka majini, naye akasema kweli yake yote bila wasiwasi, kwamba ni mtoto wa watu wa Kasai na amekuja kuolewa. Alinywa, akateleza, akaingia kidimbwini mpaka kiunoni na kikwembe chake cha arusi. Nkambo alipenda sana kisa hicho na alikisimulia kila alipopata msikilizaji mpya. Kwa hiyo maji yalimjua mama yangu. Hilo ndilo jambo nililolifikiria zaidi baadaye.

Kisha mambo yakaanza kuharibika, kwanza polepole. Basi la kampuni likawa linakuja mara moja kwa mwezi, halafu halikuja tena. Mshahara wa baba ulichelewa, ukawa nusu, ukawa unga, ukawa ahadi. Vioo vya nyumba ya maua vilihama kimoja kimoja mpaka maua yakafa kwa baridi, na baba akaendelea kuandika vibao vya maua yaliyokufa, kwa sababu daftari lilisema yapo. Sikumwelewa. Sasa namwelewa vizuri mno.

Ndipo likaja neno la kufukuzana. Lilianza redioni, likaingia sokoni, likaingia shuleni. Watu wa Kasai warudi kwao. Waliitwa bilulu, yaani wadudu, na watoto niliocheza nao waliliimba neno hilo bila kuniangalia usoni. Nyumba zilichomwa Manika. Ndugu wote wa mama, wakubwa kwa wadogo, walikwenda kulala stesheni kando ya reli, pamoja na magodoro yao na cherehani, wakingoja treni isiyokuja. Mama alikuwa na mimba ya miezi mitano. Baba alisema mke wake haendi popote, ni mke wa mtoto wa nchi, nani atamgusa.

Shangazi Ngoi hakukubali. Huyu alikuwa dada yake baba, binti pekee wa Nkambo, aliyeolewa Fungurume miaka mingi na ambaye tulimwona kwa nadra. Alipanda lori akakaa siku mbili njiani kuja kusema alichokuja kusema, naye akakisema sebuleni huku mama akiwa chumbani na ukuta wetu ni wa tofali moja.

"Kaka, mutume aende na bandugu yake. Batoto utabakia nabo. Banaweza kuwachoma bote humu ndani ju ya mutu moya."

Baba alitikisa kichwa. Nkambo alitafuna kolanati yake. Shangazi aliondoka kesho yake, na kuanzia siku hiyo mama alishinda ndani ya kichaka cha mianzi kuanzia jua linapotoka hadi linapozama. Mimi nilimpelekea bukari, ugali wetu, kwenye sahani iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Nilifundishwa kusema kwamba mama amesafiri. Nilijifunza pia kutofautisha hatua za baba na hatua za mtu mwingine, na nilipata ugonjwa wa kukojoa kila baada ya nusu saa.

Walikuja Jumapili, mchana, baba akiwa mjini kufuatilia mshahara. Walikuwa kama kumi na wawili, vijana, na majani yamefungwa vichwani, mapanga mkononi, wengine minyororo ya baiskeli. Aliyewaongoza nilimjua. Aliitwa Donat, zamani alikuja na shule yake kuona maporomoko, na Nkambo ndiye aliyemfundisha kupiga makofi. Walipita kati ya michikichi bila kuangalia vibao. Mtu alikuwa amewaambia ndani ya bustani amefichwa mwanamke wa Kasai, mke wa mwandika vibao, na haikuwachukua muda kufika kwenye mianzi. Mimi nilikuwa nimekaa na mama. Alikuwa akinisuka, na aliwasikia nikiwa nimesukwa nusu ya kichwa.

"Weye mama, toka," Donat alisema. Hakupiga kelele. "Unatoka wapi?"

Mama aliachia nywele zangu, akainuka. Nilishika kikwembe chake nikaanza kumwita mama, mama, na wazo likanijia kwamba nimemuua kwa kumwita hivyo. Lakini huku kwetu dada yake baba pia ni mama, mke wa jirani ni mama, hata muuza samaki ni mama, na hakuna aliyejali kilio changu.

Mmoja alitaka kitambulisho. Donat alitikisa kichwa. "Karatasi inaweza kudanganya," alisema. "Nkambo wa hapa iko, mayi iko. Twende ku mayi, aseme kule."

Nimefikiri mara nyingi juu ya akili ya kijana yule. Ilikuwa akili mbaya kwa sababu ilikuwa nzuri. Alijua hakuna mtu aliyeishi pale anayeweza kudanganya mbele ya Kyamina. Nami nilijua mama akisema kweli atapelekwa na mapanga yale, na akidanganya, maji yaliyomjua tangu siku ya arusi yake yatamwita yeye na mtoto wake kabla mvua haijaisha. Tuliteremka ile njia ya mawe, mama mbele, mimi nimeng'ang'ania mgongoni kwake, nao nyuma yetu. Kadiri mlio wa maji ulivyokua ndivyo wale vijana walivyopunguza maneno.

Nkambo alikuwa tayari ameketi penye mawe mawili. Sijui nani alimwambia. Alimtazama Donat kama alivyomtazama alipokuwa na kaptura ya shule.

"Acheni byuma hapa," alisema. "Na biatu."

Wakaacha. Mapanga, minyororo, na viatu vilivyochakaa, vyote vikabaki chini ya jiwe. Nilipoona vidole vyao vya miguu kwenye tope nilitambua kwamba nao wanaogopa, na jambo hilo halikunifariji hata kidogo. Mtu anayeogopa kile unachokiogopa na bado anasonga mbele ni wa kutisha zaidi.

"Ule mama anataka kusema kwa benye mayi," Donat alimwambia. "Tunasikia tu."

"Hawezi. Iko na mimba, haumuone? Mi njo nitasema."

Donat aliangalia tumbo la mama, akaangalia wenzake. Aliijua kanuni hiyo au hakuijua, sina hakika, lakini hakuthubutu kubishana na mlinzi mahali pale. "Sema, Nkambo," alijibu. "Weye huwezi kudanganya hapa. Tunakuamini."

Nkambo alimpaka mama udongo mweupe, si kwenye paji la uso bali tumboni. Akapiga magoti ukingoni, akapiga makofi. Alisema kwanza kwa lugha yake, maneno mengi, ambayo mlio wa maji uliyafunika. Kisha akapandisha sauti, akasema kwa Kiswahili ili kila mtu asikie.

"Benye mayi, ule ni Ngoi, mutoto yangu. Nilimuzala mi mwenyewe, kitovu yake niliizika huku. Bwana yake iko Fungurume. Amerudia kwa mama yake kuzala. Muke wa mutoto yangu mwanaume alishakwenda ku gare kungoja treni na bandugu yake."

Akachota maji kwa kiganja, akanywa. Hakuharakisha. Nilisikia koo lake likimeza, au nadhani nilisikia, maana kwa mlio ule haiwezekani.

Mwanzoni nilidhani Nkambo amechanganyikiwa. Halafu nikaelewa, na hofu niliyokuwa nayo ikageuka upande mwingine. Nilikuwa naogopa kwa ajili ya mama, sasa nikaogopa kwa ajili ya Nkambo. Kwangu mimi lile halikuwa fumbo. Niliona mtu akinywa sumu. Nkambo aliyenifundisha kula, kuoga, kuogopa, alikuwa amekufa mbele yangu na alikuwa akijifuta mdomo kwa pindo la kikwembe. Na dawa niliijua: arudishe maneno, sasa hivi, palepale ukingoni. Neno moja tu kutoka kwangu lingetosha. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

Donat aliuona. "Weye mutoto, unataka kusema nini?"

Sitaki kujifanya nilikuwa shujaa. Niliangalia nyuso mbili. Mama alikuwa ameniangalia kwa namna ambayo hakuna mtoto anayepaswa kuangaliwa na mama yake, akiniomba. Nkambo hakuniangalia kabisa, alikuwa akitazama maji. Sijui nilichagua au niliteleza. Nilisema, "Njo tantine Ngoi. Anatoka Fungurume."

"Amesema," kijana mmoja wa nyuma alisema. "Mwenye kusema anakunywa."

"Mutoto hakunywake," Nkambo alisema, na hiyo ndiyo mara pekee sauti yake ilipotetemeka.

"Anakunywa," Donat alisema.

Nikapiga magoti nikanywa. Maji yalikuwa baridi, yenye ladha ya mawe. Yalishuka, nami niliyafuata kwa akili yangu yote mpaka yalipofika tumboni na kutulia.

Waliokota mapanga yao, tukapanda nao mpaka bustanini wakiwa wameridhika. Walichukua kuku wetu watatu. Donat alimgeukia mama akamwambia, "Bakia muzuri, tantine," na mama, ambaye hakuwa ametamka neno tangu mianzini, alimjibu kwa lafudhi ya vilimani, ileile ya Nkambo, "Mwende muzuri, batoto." Mapanga yao yalipopotea nyuma ya michikichi, aliketi njiani.

Nkambo alinivuta mpaka jikoni. Alinipiga kofi la shavu, la kwanza na la mwisho maishani mwake, akaniuliza nani alinituma kusema. Kisha akaninywesha maji ya chumvi, akaingiza kidole chake kooni mwangu, nikatapika mara tatu, na kila mara aliinama kutazama kilichotoka. Hakuridhika. Alinikumbatia na mikono yake ilikuwa ikinuka udongo na samaki, nami nikajua kwa hakika kwamba tutakufa sote wawili.

Mvua za mwaka huo zilikuwa ndefu. Hapo ndipo nilipoanza kamba yangu. Treni ilikuja hatimaye ikawachukua ndugu za mama, hatukuwaaga, na habari tulizozipata zilikuwa za waliokufa njiani. Mapanga yakaenda kutafuta wengine, halafu yakakosa wa kutafuta, na mji ukabaki na nyumba nyingi zisizo na watu wala mabati. Mama alitoka mianzini. Tumbo lake lilikua kwa sababu inayojulikana. Langu nililipima kila siku. La Nkambo sikuhitaji kamba kuliona.

Lilianza na miguu. Ukibonyeza kidole, kilibaki kishimo. Kisha alianza kupumzika mara tatu kwenye njia ya maji, kisha hakuenda tena. Baadaye tumbo. Leo, kama muuguzi, naweza kukuambia kwamba moyo wake ulikuwa umechoka, na kwamba miguu yake ilikuwa ikivimba jioni hata mwaka uliotangulia, nimekumbuka baadaye. Nimeyasema haya kwa wenzangu kazini nao wamekubali. Wakati ule baba alimbeba kwa baiskeli mpaka hospitalini mjini, akaambiwa dawa hakuna, anunue mwenyewe, na ya kununua haikuwapo. Akamrudisha.

Jioni moja nilisimama nje ya dirisha lake nikamsikia baba akimsihi. Baba yangu, mtu wa vibao na Kilatini, aliyekuwa akiona aibu wageni walipoona mama yake akiongea na maji.

"Mama, nitakubeba mpaka kule. Urudishe maneno. Bale bajeunes ba mapanga habako tena, hakuna mutu atasikia."

Nilishika ukuta kwa mikono miwili. Niliomba kwa Mungu na kwa wenye maji, wote pamoja, akubali. Sikumwombea yeye peke yake. Nilidhani maneno yake yakirudishwa, na yangu yatarudi.

"Nirudishe nini?" Nkambo aliuliza. Alikuwa akihema kati ya kila neno.

"Kwamba ni mutoto yako."

"Bandugu yake bote balienda," Nkambo alisema. "Nikirudisha ile maneno, ule atabakia mutoto ya nani?"

Nilimsikia baba akivuta kamasi.

Asubuhi yake Nkambo aliniita. Aliniambia nilete kamba, maana kumbe alikuwa akijua siku zote, akaikata kwa meno yaliyobaki. "Mi nilienda ku mayi tena, mwezi ule miguu ilikuwa ingali na nguvu," alisema. "Niliwaambia, kosa ya mutoto muweke pa yangu. Balikubali. Weye cheza." Alikuwa amekwenda mpaka kule, basi, alipiga makofi, akaomba jambo langu, na akarudi bila kurudisha maneno yake mwenyewe.

Alikufa mvua zikiwa zimebaki za kuhesabu, wiki mbili baada ya mama kujifungua mtoto wa kiume. Ilikuwa kama alivyosema, kabla mvua haijaisha, na sikuwahi tena kuogopa kitu chochote kama nilivyoogopa ukweli wa maneno yale.

Katika matanga ya kwetu kila mtu ana mahali pake. Mabinti wa marehemu huketi ndani, kwenye mkeka, kando ya mwili. Wakwe hukaa nje motoni, huteka maji, husonga bukari, na wakiingia huingia wameinama. Mama alikuwa motoni tangu alfajiri, mtoto mgongoni, macho mekundu kwa moshi na kwa kilio. Shangazi Ngoi alifika mchana kutoka Fungurume. Baba alimchukua kando, nyuma ya nyumba, akamsimulia yaliyosemwa majini. Kisha alikwenda kwa mwili, tukamsikia akilia. Alipotoka alikuja moja kwa moja motoni, na wanawake wote wakaacha kusonga kwa sababu walijua maneno aliyoyasema sebuleni kwetu. Mimi nilisogea karibu na mama.

Shangazi alisimama mbele yake. Alichukua mwiko mkononi mwa mama, akampa jirani.

"Ngoi," alimwambia, akimwita mama kwa jina lake yeye shangazi, "unafanya nini huku inje? Mama yetu iko ndani. Kuya tuikale ku mukeka."

Mama aliinama ili aingie kama mkwe, na shangazi akamshika chini ya kwapa akamwinua. Waliingia wamenyooka. Mwanamke aliyekuwa mkekani alisogea.

Watu huniuliza kama naamini, mimi niliyesoma, kwamba Kyamina ina wenyewe. Huwa nawajibu kwamba moyo ulichoka. Sijui. Ninachojua ni kwamba msimu ule wote niliogopa maji yatagundua uongo wa Nkambo, na kwamba nilipochungulia mlangoni nikamwona mama yangu ameketi upande wa mabinti, mkono wake juu ya mguu uliovimba wa yule mzee, hapakuwa tena na uongo wowote wa kugunduliwa.